Tia maji kwanza: muwasho wa wembe, vipele vya ndevu na kosa la spiriti

Kinyozi akishamaliza kukuchonga ndevu, kuna sekunde chache unazozijua vizuri. Anafungua chupa ya spiriti, analowesha pamba, anakutazama kwenye kioo na kusema, "Vumilia kidogo, mkuu." Halafu moto. Shingo inawaka kutoka sikio hadi sikio, machozi yanakulenga, na jamaa aliye kwenye benchi anacheka huku akijua zamu yake inakuja. "Ikiuma ujue inafanya kazi," kinyozi anakufariji.

Niliamini hivyo kwa miaka mingi. Nilikuwa nanyoa Jumapili jioni, najipaka spiriti, na Jumatatu kola ya shati inageuka adui. Shingo inawasha, imekaza, ukiigusa ina joto. Dawa yangu ikawa kuongeza spiriti. Nilichelewa kuelewa kwamba nilikuwa natibu kidonda kwa kukichokonoa, na kwamba hata jina nililolitumia, "vipele vya ndevu", lilikuwa gunia lenye maradhi matatu ndani yake.

La kwanza ni muwasho wa wembe wenyewe. Ngozi imeparuzwa. Unaanza dakika chache baada ya kunyoa, au saa chache, na ukiuacha hupoa wenyewe ndani ya siku moja hadi tatu. La pili ni unywele uliojirudia ndani ya ngozi. Huu hauji siku ile ile. Unasubiri siku mbili tatu, unakuletea kipele kigumu, na ukikitazama kwenye mwanga mzuri unaona unywele umejikunja ndani yake kama nyoka kwenye tenga. La tatu ni maambukizi ya bakteria au fangasi: usaha, maumivu, na tabia ya kusambaa.

Yote matatu yanaweza kukaa kwenye shingo moja kwa wakati mmoja, na ndiyo maana watu wanabishana kuhusu dawa bila kufika mwisho. Mmoja alipona kwa kuacha kunyoa, mwingine alipona kwa dawa ya fangasi, wa tatu anaapa kwa shubiri, na wote wanasema ukweli. Walikuwa na magonjwa tofauti.

Kinachoungua ni nini

Ngozi ya juu kabisa imejengwa kwa seli zilizokufa, zimepangwa kama matofali, na kati ya tofali na tofali kuna mafuta yanayoshika nafasi ya saruji. Ukuta huo una unene wa mikromita 10 hadi 20 hivi sehemu nyingi za mwili (mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Karatasi ya daftari ina karibu 100. Kwa ukuta mwembamba kiasi hicho mwili unazuia maji yake yasitoke, na vumbi, jasho na sabuni visiingie.

Wembe haujui kutofautisha ndevu na ngozi. Kila unapopita unaondoka na seli kadhaa. Sehemu ya ule utelezi wa kijivu unaousuuza kwenye beseni ni wewe mwenyewe. Pita mara moja, ngozi haina neno. Pita mara nne pale pale chini ya taya ukitafuta ulaini wa shavu la mtoto, na ukuta unatoboka. Maji yanaanza kuvuja, neva zinabaki bila kifuniko, damu inakimbilia pale kwenda kukarabati, na hapo ndipo joto na muwasho vinapotokea. Kijidudu hayumo katika hadithi hii. Ni mchubuko, ndugu yake goti la mtoto aliyeanguka kwenye changarawe, ila huu ni wa juujuu na umetawanyika.

Maelezo mengi ya kitabibu yanakuambia utafute wekundu. Yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani: pale palipoungua panaweza kuwa peusi zaidi, au na rangi ya zambarau, au panang'aa kwa kukaza, au pakawa kama pana majivu. Amini mkono kabla ya kioo. Kama panatoa joto, panakaza ukifungua mdomo, na panachonyota ukipaka hata maji, umeungua. Na kwetu sisi kuna deni la pili linalokuja baadaye: ngozi iliyokasirishwa humwaga rangi, kwa hiyo muwasho wa siku mbili unaweza kuacha doa jeusi la wiki nyingi, hata miezi.

Sasa turudi kwenye ile chupa. Spiriti ni pombe, na pombe inayeyusha mafuta. Mafuta gani? Yale yale ya saruji. Yaani wembe umetoa matofali, na wewe unakuja kuyeyusha saruji iliyobaki. Halafu ule moto wenyewe ni hila. Ngozini tuna vihisio vya joto ambavyo kwa kawaida huamka joto likifika nyuzi 42 hivi za Selsiasi, ndivyo hivyo hivyo ambavyo pilipili huvichokoza. Pombe inavishusha kizingiti hadi karibu na nyuzi 34. Mwili wako una nyuzi 37. Kwa hiyo unachokihisi pale kwenye kiti ni joto lako mwenyewe limetafsiriwa kuwa moto, na hakuna uhusiano wowote kati ya ukali wa maumivu na uzuri wa dawa. Losheni zenye mentholi hufanya mchezo huo kwa upande wa pili: zinachokoza vihisio vya baridi, unasikia ubaridi mtamu, na ngozi iko vile vile.

Simdharau spiriti. Ina kazi yake kwenye mashine, kwenye mikono ya kinyozi na kwenye ngozi ambayo haijachubuliwa. Lakini usiipe kazi isiyoiweza: virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu ikiwa imekauka isionekane, na pamba iliyopitishwa haraka juu ya wembe wa jana si usafi. Wembe mpya, unaofunguliwa mbele ya macho yako. Hapo sina mjadala.

Methali ilishasema

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tunaitumia kumwonya mtu ajifunze kwa yaliyompata jirani, na Wakenya wakisema timu fulani imenyolewa bila maji wanamaanisha imeadhibiwa bila huruma. Lakini kabla ya kuwa mafumbo, maneno hayo yalikuwa maelekezo ya kazi. Aliyeyatunga alijua kwamba nywele kavu ni mateso, na maabara zimemuunga mkono.

Ndevu ni keratini, kitu kile kile cha kucha. Kikavu ni kigumu. Mafundi wa mambo haya hupenda kuulinganisha unywele mkavu wa kidevuni na waya wa shaba wa unene huo huo. Ukiulowesha, keratini inanyonya maji, unywele unavimba na kulainika, na nguvu ya kuukata inapungua sana. Ila hainyonyi papo hapo. Inahitaji dakika mbili hadi tatu za kulowa kweli kweli. Kujimwagia maji kiganja kimoja na kuanza kukwangua hakuhesabiki, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kuwa tunanyoa tukiwa tumechelewa.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha jibu la swali ambalo kila mnyoaji amewahi kujiuliza: inakuwaje chuma kinachanika kwa unywele, wakati unywele ni laini kuliko chuma hicho mara 50? Walitazama kwa hadubini wembe ukikata ndevu na wakaona makali hayachakai taratibu tu kama kisu cha jikoni. Unywele ukipinda na kuugusa wembe kwa pembe fulani, mahali ambapo chuma hakina ugumu ulio sawa, kipande kidogo sana cha makali kinameguka. Baada ya kunyoa mara chache, makali uliyoyanunua yamekuwa msumeno. Macho hayaoni, ngozi inaona. Wembe uliomeguka hauukati unywele, unauvuta kwanza, na wewe bila kujijua unakandamiza zaidi ili ufanye kazi. Kukandamiza ndiko kunakoleta mchubuko.

Kwa hiyo nyoa baada ya kuoga, usinyoe kabla. Kwa anayeoga kwa ndoo na kopo, hakuna kinachoharibika: chemsha maji kidogo, changanya yawe vuguvugu, zamisha taulo dogo, likamue nusu, lifunike usoni kwa muda wa wimbo mmoja. Vuguvugu inatosha. Maji ya moto yanayokufanya ushtuke nayo yanaondoa mafuta ya ngozi.

Povu, na kisa cha maji ya kisima

Povu halikati kitu. Kazi yake ni kushikilia maji kwenye unywele yasikauke na kuweka utelezi kati ya chuma na ngozi. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, nayo inatoa povu, na nadhani wengi wetu tulianza nayo: kipande cha sabuni, kioo kilichopasuka kona, na kiwembe cha baba. Shida yake ni kwamba ina magadi mengi kwa ngozi. Ngozi nzima ina uchachu kidogo, pH ya kama 5 (kwenye kipimo hiki chini ya 7 ni uchachu, juu yake ni magadi). Sabuni za kawaida zinafika 9 au 10. Kwenye mikono hupati tabu. Kwenye ngozi iliyotoka kuparuzwa, inachonyota na kuchelewesha ukarabati. Krimu ya kunyolea ya bei ya chini kabisa yenye gliserini inaishinda, na kama mfuko haujaruhusu, sabuni ya kuogea ya watoto isiyo na manukato ni afadhali.

Kuna jambo ambalo maelezo ya ughaibuni huwa hayagusi kwa uzito unaostahili, nalo ni maji yenyewe. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayetumia maji ya kisima anajua sabuni inavyogoma kutoa povu na kuacha ukoko mweupe kwenye beseni. Kalisi na magnesi iliyomo kwenye maji magumu inashikana na sabuni na kutengeneza ule ukoko, ambao unabaki pia shingoni na kwenye wembe. Nilihama nyumba mara moja, nikahamia kwenye maji ya kisima, na muwasho ukarudi wakati sikuwa nimebadilisha kitu kingine chochote. Nilikuwa nimeshalaumu viwembe vya aina tatu kabla sijaliangalia bomba. Lita moja ya maji ya mvua au ya kunywa inatosha kwa kunyoa na kusuuza, na kama ndevu zako zinakusumbua jaribu hilo kabla ya kununua chochote.

Mkono

Kiwembe cha pande mbili kinachouzwa kimoja kimoja dukani ni uzao wa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, aliyopewa King C. Gillette huko Marekani mwaka 1904. Tangu hapo biashara imekuwa ya kuongeza: makali mawili mwaka 1971, matatu mwaka 1998, matano mwaka 2006. Wazo la makali mengi ni kwamba la kwanza linauvuta unywele nje kidogo, na la pili linaukata kabla haujarudi, ili ukirudi uzame chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka huo ni ulaini wa kujivunia. Kwa mwenye nywele za kipilipili huo ni mtego, nitaueleza hivi punde. Na kwa yeyote yule, makali matano yaliyopita mara moja ni chuma kimepita kwenye ngozi mara tano.

Mimi nimeishia kwenye wembe wa makali mamoja wa kishikio, nao unafundisha adabu. Ushike kama unavyoshika kalamu ya wino, pembe ya nyuzi 30 hivi na ngozi, uache uzito wake ufanye kazi. Ukijiona unakandamiza, makali yamekwisha, badilisha. Kiwembe kimoja kwangu kinafika mara tatu hadi nne, na vile vya plastiki vya kutupa madaktari wa ngozi hushauri visizidi mara tano hadi saba. Nusu ya kiwembe cha kinyozi ni cha mtu mmoja, mara moja, kisha kopo la taka.

Uelekeo ndio uliobadilisha shingo yangu kuliko kitu kingine. Acha ndevu siku mbili, kisha pitisha kidole taratibu pande zote. Palipo laini unafuata zinakolala; palipo na mkwaruzo unakwenda kinyume. Mashavuni kwa wengi zinalala kwenda chini na hakuna siri. Shingoni ni vurugu. Kwangu upande wa kulia zinapanda kuelekea taya, upande wa kushoto zinalala ubavu kuelekea sikio, na chini ya koromeo kuna kizunguzungu kama kile cha utosini. Miaka yote hiyo nilikuwa naziburuta zote juu kwa mkono mmoja, yaani nusu ya shingo nilikuwa nainyoa kinyume bila habari. Chora ramani kwenye karatasi kama utasahau. Nyoa kwa kufuata zinakolala, mara moja, mara mbili ukizidisha, na kila mara paka povu upya. Anayetaka kipara cha kidevu kinachoteleza kama sahani ajue anachokilipia.

Ukiwa umeshaungua

Hatua ya kwanza ni kuacha kunyoa hadi ngozi ipoe, na hiyo ndiyo watu wanayoikataa. Siku mbili tatu. Weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika tano hadi kumi, rudia jioni. Pangusa kwa kugusagusa, usisugue. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka kitu kisicho na harufu kitakachoziba pengo la ule ukuta wakati unajengwa: mafuta ya mgando, kiasi kidogo, yanafanya kazi hiyo vizuri kuliko losheni nyingi za bei mbaya zenye picha ya mwanamume mwenye kifua wazi. Mwenye chunusi za mafuta achague losheni nyepesi. Mafuta ya nazi wengine wanayapenda na hayana ubaya kwa ngozi nyingi, ila huziba vinyweleo vya watu wenye chunusi, kwa hiyo jaribu sehemu ndogo kwanza.

Shubiri inapoza. Lakini jani bichi lina vitu viwili: ute wa katikati usio na rangi, na utomvu wa njano unaotoka karibu na ganda. Huo wa njano unawasha. Kata jani, lisimamishe kwenye kikombe hadi utomvu uchuruzike, menya ganda, suuza ute, ndipo upake. Nimeona watu wakilisugua jani zima shingoni kisha wakaishutumu shubiri.

Shabu, lile jiwe la kung'arishia maji, nalo lina wakereketwa wake kwa vinyozi wa zamani. Ni chumvi ya aluminiamu inayobana ngozi na kuzuia damu kwenye mkato mdogo. Gusa pale palipokatika na usuuze. Kuipaka shingo nzima iliyoungua ni kuikausha zaidi.

Muwasho ukikuzidi, krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, tabaka jembamba mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache tu, inazima moto. Isichanganywe na zile tyubu za "mchanganyiko" zinazouzwa bila maswali, ambazo nyingi zina steroidi kali kama klobetasoli. Zile zinapoza haraka na ndiyo maana zinapendwa. Zikizoeleka usoni zinaikondesha ngozi, zinaleta chunusi, na kama tatizo lilikuwa fangasi zinamficha akue kwa raha zake.

Na ndimu, jamani. Sijui nani alianzisha, lakini kila kijiwe kina mtu wa kukushauri ukamulie ndimu "ikaushe vipele". Juisi ya ndimu ina kemikali ambazo zikikutana na mwanga wa jua juu ya ngozi huunguza, zikaacha malengelenge na baadaye mabaka meusi. Ngozi iliyochubuliwa, ndimu, halafu kibaraza cha saa saba mchana: huo ni mpango wa kujiunguza.

Unywele unaorudi nyumbani

Hili la pili limewatesa watu wengi kuliko muwasho, na kwa wenye nywele za kipilipili ndilo lenye jina "vipele vya ndevu" kwa haki. Jina la kitabibu ni pseudofolliculitis barbae, na kipande cha mwanzo ni Kigiriki chenye maana ya uongo: ugonjwa unafanana na maambukizi ya tundu la unywele lakini sivyo.

Tundu la unywele wa kipilipili limepinda kama mundu, na unywele unaotoka humo umepinda hivyo hivyo. Wembe ukiukata kwa mshazari unauachia ncha kali kama ya mkuki. Kisha kuna njia mbili. Unywele unaweza kutoka nje, ukajikunja, ukaidunga ngozi milimita moja au mbili kutoka ulikotoka. Au, ukiwa umekatwa chini ya usawa wa ngozi, kwa makali mengi au kwa kuivuta ngozi wakati wa kunyoa, hautoki kabisa. Unatoboa ukuta wa tundu kwa ndani. Mwili unaukuta unywele mahali usipotakiwa na kuutendea kama kibanzi kilichoingia kidoleni: unavimbisha. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kuwa badiliko moja dogo kwenye jeni ya keratini inayozunguka unywele huongeza hatari hii mara sita. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutumia wembe wa aina moja na mmoja tu akaumia, bila ya kuwa mchafu wala mzembe.

Tiba yake imesahaulika kwa sababu haiuzwi dukani. Acha ndevu zikue. Wiki ya kwanza hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwani zinazochipua bado zinadunga. Unywele ukifika urefu wa sentimita moja hivi unafanya kama springi na kujichomoa wenyewe kutoka ngozini. Baada ya wiki nne kwa kawaida shingo ni nyingine kabisa. Kitanzi kinachoonekana juu unaweza kukiinua kwa sindano iliyosafishwa, lakini ukishautoa unywele nje uache hapo hapo. Ukiung'oa kwa kibano, utakaochipua utaanza safari chini zaidi, na utatoboa tena.

Baadaye, wengi huishi kwa amani na mashine ya umeme inayobakiza ndevu za milimita moja. Kinyozi akiuliza, sema "usiishushe hadi sifuri". Dawa za kupaka usiku zenye adapalini, asidi ya glikoliki au asidi ya salisiliki husaidia ngozi isiyafunike matundu, mradi uzianze taratibu, kila baada ya siku mbili, kwa kuwa nazo huwasha ukizivamia. Benzoili peroksaidi hupunguza bakteria. Itakupausha taulo na kola, uwe na habari. Kliniki za ngozi za miji mikubwa zina leza ya kuua mizizi ya nywele, na kwa ngozi nyeusi ulizia ile ya Nd:YAG, ambayo mwanga wake unapita rangi ya ngozi kwa usalama kuliko nyingine.

Tatizo kwa wengi ni mwajiri. Mlinzi, askari, mhudumu wa hoteli: kidevu safi ni sehemu ya sare. Jeshi la Marekani kwa miongo mingi lilikuwa na utaratibu wa cheti cha daktari kwa askari wenye hali hii, wengi wao weusi, na mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya huko ilikataa sharti la kunyoa la kampuni ya piza kwa sababu liliwaumiza wanaume weusi kuliko wengine. Huku kwetu sijamsikia aliyefika mahakamani. Lakini barua fupi ya daktari inayosema "aruhusiwe kubakiza ndevu za milimita moja" ni jambo dogo, na msimamizi mwenye akili ataona kwamba milimita moja haionekani ng'ambo ya geti.

La tatu, kwa kifupi

Usaha unaoongezeka, ukoko wa rangi ya asali, homa, tezi zilizovimba chini ya taya, au duara lenye magamba na ndevu zinazong'oka zenyewe: hayo ni ya kliniki, kwani bakteria na fangasi wanatibiwa kwa dawa tofauti na kubahatisha kunachelewesha. Vichunjua vidogo vilivyojipanga mstari mmoja vinaenezwa na wembe, kwa hiyo usinyoe juu yake. Uvimbe mgumu wa kisogoni unaokua kila baada ya kunyoa ni ugonjwa mwingine unaoweza kuishia kwenye kovu nene. Huo usimwachie kinyozi aukate "uishe", hata akijiamini vipi.

Kwapani na kwingineko

Wembe hauishii kidevuni, na barua nyingi za siri kuhusu muwasho hutoka kwa wanawake. Ngozi ya kwapa na ya sehemu za siri ni laini, ina mikunjo, inatoka jasho na kusuguliwa na nguo, kwa hiyo kila nililosema linahesabika mara mbili. Punguza kwa mkasi kwanza. Nyoa usiku, ulale na nguo ya pamba isiyobana, deodoranti isubiri asubuhi. Unga na krimu za kuyeyusha nywele haziparuzi, lakini zina magadi makali zaidi ya sabuni yoyote. Zijaribu kwenye mkono siku moja kabla, zitoe kwa dakika zilizoandikwa, na zisiguse ngozi ya ndani.

Waislamu wengi hunyoa kila wiki kwa mazoea ya Ijumaa. Hadithi iliyopokewa na Anas, iliyomo katika Sahihi Muslim, inaweka ukomo wa kutoacha zaidi ya siku 40. Huo ni ukomo wa juu. Aliyeungua Ijumaa hii ana nafasi ya kutosha kuipumzisha ngozi hadi ipone.

Kinyozi wangu wa sasa nilimkuta na chupa ya kupulizia maji, ile ya kurashia maua, akiitumia kwa nywele za kichwani tu. Nilimwomba anipulizie shingo kabla ya kugusa wembe, asubiri. Mara ya kwanza aliniangalia kama mteja msumbufu. Siku hizi ananilowesha, anaweka taulo, anageukia kwenye televisheni kutazama marudio ya mechi, na goli la pili likiingia anarudi. Akimaliza, mkono wake bado unakwenda kwenye spiriti kwa mazoea. Ninamwonyesha mashine, anacheka, anaipaka mashine.